Mwimbaji Hajachelewa, Kompyuta Ndiyo Imechelewa

Katika studio nyingi za mitaani Unguja, za Mtoni zikiwamo, ugomvi huanza hivi. Mwimbaji amevaa hedifoni, biti inapigwa, anaingia kwenye ubeti, na sauti yake inamrudia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Anajivuta ili aifuate. Prodyuza anasimamisha kazi: "Dada, mdundo unakuacha." Wanarudia, hali ni ile ile, mpaka mmoja ananuna. Dada hana kosa. Kosa limo katika ukurasa wa mipangilio ya sauti, ambao prodyuza hajaugusa tangu alipoiweka programu.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta haipiti moja kwa moja. Hukusanywa kwanza fungu kwa fungu, kama mchota maji anayengoja ndoo ijae ndipo ajitwishe. Ukubwa wa ndoo hiyo ndio bafa, nayo hupimwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa mfululizo. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakula milisekunde 23 wakati wa kuingia, na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Kwa mwendo wa sauti hewani, huko ni kumsikiliza mpiga dumbaki aliyekaa zaidi ya mita 15 kutoka ulipo. Bafa ya 128 haifiki hata milisekunde 3 kila upande.

Basi tuishushe tu? Ukiishusha huku draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kadi ya sauti, ni ile ya kawaida ya Windows, utaambulia mikwaruzo na sauti ya kukatikakatika. Draiva hiyo, MME, mkongwe wa miaka ya 1990, huizungusha sauti ndani ya Windows kabla haijafika kwenye kadi. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta ASIO mwaka 1997 ili programu izungumze na kadi bila mzunguko huo. Mwenye kadi ya nje aweke ASIO ya mtengenezaji wa kadi hiyo. Asiye nayo ajaribu ASIO4ALL, ambayo ni ya bure, ila asishangae YouTube ikinyamaza wakati anarekodi. Wenye Mac wana Core Audio, hawahangaiki na haya.

Kwenye zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, ucheleweshaji huu hufichika, kwa sababu sauti iliyochelewa huvutwa kwa mausi ikakaa mahali pake. Taarabu haikubali. Fidla na ganuni humfuata mwimbaji, humjibu, humngoja amalize pumzi. Ukimchelewesha yeye, umewachelewesha wote, na hakuna mausi itakayoirudisha ile hali ya kusikilizana. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, walipiga pamoja katika chumba kimoja, na kila mmoja akamsikia mwenzake papo hapo. Kwa hilo tu, walikuwa na raha kuliko msanii wa leo mwenye kompyuta.

Jambo jingine ni kasi ya sampuli. Ganuni iliyorekodiwa kwa 44,100 ikichezwa kwa 48,000 bila kugeuzwa, hupanda karibu nusutoni moja na nusu, na mdundo wake nao huenda mbio. Hapo mpiga udi atakaza nyuzi mpaka zikatike na bado hawatapatana. Chagueni kasi moja tangu mwanzo, kwenye kadi na kwenye programu.

Wakati wa kurekodi, weka bafa 128, au 256 ikiwa kompyuta ni ya mtumba na inahema. Ukifika kwenye kuchanganya, ambako hakuna anayeimba, ipandishe hadi 1024 uipumzishe mashine. Kama kadi yako ina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, kitumie, maana sauti hiyo haizunguki kwenye kompyuta kabisa.

Na nyinyi waimbaji, mkiambiwa mmeachwa na mdundo, ombeni kwanza muoneshwe draiva iliyochaguliwa. Saa za studio mnalipa nyinyi.