Kipande Kimoja Kilichovunja Harusi

Je, wajua kwamba mojawapo ya harusi zilizovurugika kwa kuchekesha zaidi katika sinema za zamani ilivurugwa na zawadi ya mpambe wa bwana harusi?

Filamu ni Me and My Pal, ya dakika kama 20, iliyotengenezwa na studio ya Hal Roach, Marekani, na kutolewa mwaka 1933. Oliver Hardy, bonge la mtu mwenye kisharubu, yuko tayari kumuoa binti wa tajiri wa mafuta. Mpambe wake ni Stan Laurel. Maua aliyoagiza Stan yanafika nyumbani kwa bibi harusi yakiwa shada la msiba! Hilo peke yake lingetosha kuchafua siku, lakini balaa kubwa limo katika zawadi aliyoleta: picha iliyokatwa vipande vipande, ya kupangwa mpaka ikamilike.

Stan anaanza kuipanga mezani. Oliver anamkemea, mara anaona kipande na mahali pake, anakiweka. Basi, kanasa. Dereva wa teksi ya kuwapeleka harusini anaingia kuwahimiza, naye anainamia meza. Polisi anakuja kumwandikia dereva faini, anainama. Kijana wa telegramu naye vivyo hivyo. Hapa ndipo ninapoipenda filamu hii kuliko nyingi za aina yake: kila anayeingia pale anakwama nao.

Mkwe mtarajiwa anafika akiwaka hasira. Kipande cha mwisho hakionekani, polisi anaamuru asitoke mtu, na ngumi zinaanza kurushwa. Telegramu iliyosahaulika ilimtaka Oliver auze hisa zake upesi. Anapoisoma, redio inatangaza kwamba kampuni yenye hisa hizo imeanguka. Kipande chenyewe? Stan anakiokota vurugu zikishakwisha.

Watazamaji wa 1933 waliujua vizuri ugonjwa huo wa kunaswa na picha ya vipande. Uchumi ulikuwa umeporomoka, kazi hakuna, na picha hizo za kadibodi, zilizokatwa kwa mashine, ziliuzwa kwa senti 25 zikiwa na toleo jipya kila wiki. Sayansi nayo ilikuwa imeshaugusa. Mwaka 1928 Maria Ovsiankina, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wake Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walikatizwa wakiwa katikati ya kazi ndogondogo. Wengi wao, walipopata nafasi, waliirudia kazi ile wenyewe, bila kuombwa na bila ahadi ya zawadi yoyote.