Ujenzi, Usanidi na Jaribio: Istilahi za Programu Huria

Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi nne za kazi ya programu huria: ujenzi, usanidi, rekebisho na jaribio. Tumeonelea tuzieleze pamoja, kwani mfasiri akichanganya moja, maana ya nyingine huharibika, na maelekezo yaliyoharibika humfikia mtumishi aliye mbele ya mashine, asiye na wa kumwuliza.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mara nyingi msimbo huo hautumiki mpaka ugeuzwe kuwa lugha ya mashine na kuunganishwa na sehemu nyingine zinazohitajiwa. Kazi hiyo ndiyo ujenzi. Maagizo yanayouongoza, yaani sehemu zipatikane wapi, zipi ziingizwe na zipi ziachwe, ndiyo usanidi.

Usanidi hutegemea jukwaa, yaani mashine pamoja na mfumo endeshi wake. Tuchukue mfano wa tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Paa lake bapa la udongo lafaa Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 700. Paa lile lile likijengwa Unguja, ambako mvua hupita milimita 1,000, litavuja. Kilichofaa mahali pamoja hakijathibitika kila mahali.

Ndivyo lilivyo rekebisho la usanidi. Tuseme mtu amesahihisha maagizo ya ujenzi, akataja faili "Maneno", ilhali faili lenyewe laitwa "maneno". Katika Windows, kwa kawaida herufi kubwa na ndogo hazitofautishi majina ya faili; ujenzi utakamilika. Katika Linux hayo ni majina mawili, na ujenzi utakwama. Mwenye Windows peke yake hataliona kosa hilo hata akirudia jaribio mara mia. Hapana budi rekebisho lijaribiwe katika kila jukwaa lililokusudiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisi, OpenOffice.org, iliyokuwa ikitumika katika Linux na Windows pia.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, mfasiri asiandike "rekebisho limejaribiwa" bila kutaja jukwaa, maadamu mwandishi wa asili amelitaja. Pili, kusanidi kusichanganywe na kusakinisha, ambako ni kuiweka katika mashine programu iliyokwisha kujengwa. Mtumishi akiambiwa "sakinisha upya" badala ya "sanidi upya", aweza kuiondoa programu nzima, akapoteza siku ya kazi, na kasoro ikabaki pale pale.

Dodoma leo ni makao makuu ya Serikali, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha taaluma ya kompyuta. Twawaomba walimu na watumishi wazitumie istilahi hizi darasani na ofisini, watuarifu zinapokwama. Istilahi nayo haithibitiki kwa kueleweka mezani pa aliyeiunda.