KARANGA ZA KUUZA: TUZICHAMBUE KABLA YA KUKAANGA



Mwezi huu tunazungumza na wanaouza karanga na wanaozinunua, yaani karibu sisi sote. Karanga ni chakula bora chenye protini na mafuta, na kwa akina mama wengi ndiyo biashara inayolipa ada ya shule.

Huko Marekani karanga huuzwa pia kwa mashine. Chombo cha kioo hujazwa karanga. Mnunuzi hutumbukiza sarafu, huzungusha kishikio, na karanga kidogo humwangukia mkononi. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mama mwenye ndoo na kikombe cha kupimia, au kijana mwenye sinia. Kwa njia zote hizo, mnunuzi hupokea anachopimiwa, hachagui. Mashine nayo haichagui. Wa kuchagua ni muuzaji.

Kwa nini tuchague?

Karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu.

Binadamu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika: hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na anaweza kufa. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Je, kukaanga hakuondoi sumu?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Moto huua kuvu, lakini sumu nyingi hubaki. Chumvi nayo haiiondoi. Ndiyo maana tunasikitika tukiona karanga nzuri zinapelekwa sokoni, na zile mbovu zinasagwa kwa ajili ya uji wa mtoto. Mtoto analishwa kile ambacho mama alikikataa kwa macho yake.

Tunajua kutupa karanga ni hasara. Hasara hiyo hupungua tukifanya haya:

1. Anika karanga juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Zikikauka, ukitikisa ganda utasikia punje zikigonga ndani.

2. Usilowanishe maganda ili kurahisisha kubangua. Unyevu huo ndio unaokaribisha kuvu.

3. Kabla ya kukaanga, ondoa punje zenye kuvu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu. Kuchambua hakumalizi sumu yote, lakini huipunguza sana. Ulizoondoa zifukie. Usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita kwenye maziwa.

4. Usijazie karanga mpya juu ya zile za zamani, iwe ni ndoo au mashine. Mafuta yaliyoganda kwenye chombo huchacha na kuharibu hata karanga nzuri. Ziuze ziishe, osha chombo, kikauke kabisa ndipo ujaze tena. Pima kwa kijiko au kikombe, si kwa kiganja.

5. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima. Punje moja inaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Msagie.

Nawe mnunuzi, ukitafuna karanga ukahisi uchungu, iteme. Usiimeze kwa sababu tu umeilipia. Mwambie muuzaji bila ugomvi, huenda hajui.

Mama muuzaji, watoto wanaonunua karanga zako ni wa jirani zako. Wauzie zile ambazo ungempa mwanao.