Namba ya Mgongoni Si Jina la Mtu

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, majira ambapo baridi ya Mutuini humfanya mtu ajute kutoka nyumbani bila koti, nilisimama kando ya kiwanja cha udongo mwekundu nikiwatazama vijana wa mtaa wakifanya mazoezi ya kandanda. Sikwenda pale kutafuta mada ya makala. Nilikuwa nikimngojea fundi aliyeahidi kuja kunirekebishia mlango wa jiko, naye, kama ilivyo ada ya mafundi, alikuwa amechelewa. Ndipo nikashuhudia kisa ambacho hakijanitoka akilini.

Kijana wa umri wa miaka 15 hivi, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto mwepesi ajabu, aliitwa na kocha akaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo atacheza beki wa kushoto. Hadi wiki iliyotangulia alikuwa akicheza namba kumi. Kijana hakujibu. Alivua jezi, akaikunja vizuri (hapo nikajua kwamba amelelewa), akaiweka juu ya jiwe, akashika njia ya kwenda kwao.

Mzee aliyesimama karibu nami akatikisa kichwa. "Mwalimu, umeona? Wamemshusha cheo mtoto wa watu."

"Cheo gani, mzee?" nikamuuliza.

"Alikuwa mbele, sasa wamemrudisha nyuma. Kama huko si kushushwa, ni nini?"

Msomaji asidhani kwamba lile lilikuwa jambo la mchezo tu. Katika vitongoji hivi vya Dagoretti, mpira ni karo. Zipo shule za upili ambazo humsamehe mchezaji hodari sehemu ya karo, au yote, na kulikuwa na tetesi kwamba mwalimu wa michezo wa shule moja kama hiyo angefika kuwatazama vijana kabla ya muhula kwisha. Kijana yule aliamini kwamba mfungaji wa mabao huonekana, ilhali beki huonekana siku anapokosea tu. Tukisema kweli, hakuwa mbali na ukweli.

Mimi ni mtu wa isimu, na sehemu ya kazi yangu ni kuyashuku maneno ambayo wengine huyatumia bila kuyawazia. Hebu tutazame maneno ya mzee yule: mbele na nyuma. Katika lugha yetu, anayefanikiwa husonga mbele, na anayeshindwa hubaki nyuma. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani hurudishwa nyuma. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo, akiambiwa mbele ya wenzake wote arudi nyuma, atasikia nini kama si hukumu? Kocha alikuwa akizungumzia eneo la kiwanja. Kijana alisikia thamani yake ikitajwa.

Lipo na neno jingine, dogo zaidi, lenye madhara makubwa zaidi. Ni kitenzi kishirikishi "ni". Wapenzi wa kandanda husema, "Huyu ni namba tisa," "Yule ni beki." Neno hilo halichukui alama ya wakati. Husemi "nili" wala "nita" ukalipachika mbele yake. Hulifunga jina na sifa kama kwamba vilizaliwa pamoja. Lakini ukisema "anacheza namba tisa", umeingiza kitenzi chenye wakati, na papo hapo milango inafunguka: alicheza, atacheza, angeweza kucheza. Nimewasikiliza makocha wengi wa mitaani. Wanaomwambia mtoto wa miaka 12 "wewe ni beki" ni wengi kuliko wanaomwambia "leo utacheza beki".

Na hizo namba zenyewe zina maana gani? Kwetu Afrika Mashariki, ukitaja namba sita kila mtu huelewa kiungo mkabaji. Huko Argentina kazi hiyo hufanywa na namba tano. Brazil nao humpa beki wa kushoto jezi namba sita, na ndiyo aliyoivaa Roberto Carlos walipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2002. Katika mashindano ya mwaka 1982 Waargentina waligawa jezi kwa kufuata alfabeti, Diego Maradona akiwa miongoni mwa wachache walioachwa nje ya utaratibu huo, na kiungo Osvaldo Ardiles akajikuta amevaa namba moja, jezi ya kipa. Hakudaka mpira hata mmoja. Namba ni ishara tu, na ishara hupata maana kwa makubaliano ya watu.

Tunaye shahidi wetu wa hapa Nairobi. Victor Wanyama, aliyezaliwa mwaka 1991, alijiunga na Celtic ya Scotland mwaka 2011 akitokea Beerschot ya Ubelgiji. Alikuwa kiungo, lakini katika msimu wake wa kwanza kocha Neil Lennon alimtumia mara kadhaa kama beki wa kati, kabla ya kumtuliza katika safu ya kiungo. Mgongoni alivaa namba 67, kuwaenzi Waselti waliotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Namba isiyomwambia mtu yeyote mahali pa kusimama. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic iliishangaza Barcelona kwa mabao 2-1, na bao la kwanza lilikuwa la Wanyama, kwa kichwa, kutokana na mpira wa kona. Siwezi kudai kwamba miezi ile ya ulinzi ndiyo iliyomfunza kuruka vile. Kimo na nguvu alikuwa navyo tayari. Ninachosema ni kwamba kurudishwa nyuma hakukumpunguzia chochote. Mwaka uliofuata alihamia Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Mfano ambao makocha wetu hupenda kuutaja ni wa Thierry Henry, aliyekuwa winga Monaco na Juventus, kisha mwaka 1999 akahamia Arsenal ambako Arsène Wenger alimfanya mshambuliaji wa kati. Mwanzoni mabao yalikataa, na watu wakanung'unika. Mwishowe aliifungia klabu hiyo mabao 228, rekodi yake. Lakini wanaoutaja mfano huo husahau jambo moja. Henry hakuambiwa ausahau uwinga. Aliendelea kuteleza upande wa kushoto, akiingia ndani kwa kasi na kumalizia kwa mguu wa kulia. Alihama na mali yake yote. Wenger huyo huyo aliwachukua Lauren wa Cameroon na Kolo Touré wa Ivory Coast, ambao walikuwa wamezoea kucheza mbele zaidi, akawaweka katika ulinzi, na msimu wa 2003/04 timu hiyo ikacheza mechi zote 38 za ligi bila kushindwa. Mzee wangu wa Mutuini angesema wote wawili walishushwa cheo.

Hata hivyo si kila uhamisho ni hekima. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri kwa mchezaji anayeweza kuwekwa popote: kiraka. Erasto Nyoni, aliyecheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, ameitwa hivyo mara nyingi, kwa heshima kabisa. Lakini litazameni neno lenyewe. Kiraka hukatwa kwa kipimo cha tundu. Hakuna anayekiuliza kiraka kilitaka kuwa nini. Kwa mtu mzima aliyekwisha kukomaa katika kazi yake, hiyo ni sifa. Kwa mtoto, yaweza kuwa hasara ya miaka.

Nayajua hayo kwa mwili wangu. Nilipokuwa shule ya upili nilicheza kiungo, si hodari sana, lakini nikipenda kutoa pasi kuliko kula. Siku moja kipa wetu aliugua, na mwalimu wa michezo akazungusha macho akatafuta aliye mrefu. Nilikuwa mimi. Sababu haikuwa nyingine. Nilikaa langoni miaka 2, nikiokota mipira wavuni, na sikuwahi kurudi katikati. Vivyo hivyo mtoto aliyewahi kukua huwekwa ulinzi kwa kuwa huwasukuma wenzake; wenzake wanapomfikia kwa kimo, hubaki hana nguvu ya kuwazidi, wala miguu ambayo hakuna aliyemfunza kuitumia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na ubawa haupimwi kwa futi.

Kwa hiyo mazoezi yalipokwisha nilimfuata kocha nimuulize alitumia kipimo gani. Nilitarajia jibu la kiraka. Sikulipata. Alinieleza kwa utulivu kwamba kijana yule akicheza namba kumi hupokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, mabeki wawili wamemwegemea, na mwili wake bado haujaweza. Akiwa kushoto nyuma huuona uwanja wote mbele yake, na mguu ule unaweza kufikisha mpira mahali ambapo wenzake hawajapaona. Isitoshe, jioni wanapocheza bila kupangwa, huteremka mwenyewe kuufuata mpira huko huko. Yalikuwa maelezo ya mtu aliyemtazama mtoto.

"Na yeye umemweleza haya?" nikauliza.

"Mwalimu, mimi ni kocha. Nianze kumbembeleza?"

Hapo ndipo tulipotofautiana, na tulibishana hadi giza likaanza kuingia. Alikuwa na haki ya kumhamisha. Kumhamisha kimyakimya, kama mtu asogezaye kiti, hakuwa na haki nako. Sijui ni maneno yangu au ni usingizi uliokosekana, lakini nilisikia baadaye kwamba Jumanne jioni alikwenda nyumbani kwa kijana, akakaribishwa chai na nyanya yake, akachora kiwanja kwa kijiti pale uani.

Jumamosi ya tatu kijana alikuwapo. Kipindi cha kwanza winga wa wageni alimpita mara mbili, na mara ya pili likawa bao. Alishika kichwa, akatazama pembeni akingoja kutolewa. Kocha akakunja mikono, hakusema neno. Kipindi cha pili aliupokea mpira karibu na mstari, akainua macho, akaupeleka upande wa pili kwa mpigo mmoja uliowafanya watazamaji wanyamaze. Mshambuliaji wetu, peke yake na kipa, akaupaisha juu ya mwamba. Yule mwalimu wa michezo aliyevumishwa hakuonekana siku hiyo.

Mchezo ulipokwisha, mzee alimwita kijana aliyekuwa ameketi akifungua kamba za viatu.

"Haya, sasa wewe ni namba gani?"

"Leo nimecheza tatu, guka."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Muulize kocha."