Mafundisho ya Mshumaa: Namna Mtaalamu Awezavyo Kusema na Watu Wote

Wahenga walisema kuwa kuuliza si ujinga. Walakini yako maswali ambayo watu wengi hawayaulizi kamwe, si kwa sababu ni magumu, bali kwa sababu kitu chenyewe wamekizoea mno. Ni nani aketiye jioni mbele ya mshumaa akauliza: nta ile inakwenda wapi? Mshumaa uliokuwa na urefu wa shubiri saa moja ya usiku, baadaye umebaki kipande kidogo tu, na chini yake hamna majivu. Je, nta imepotea? Jambo hili dogo ndilo alilolichagua Michael Faraday, mmoja wa wataalamu wakubwa wa Uingereza, alipotaka kuwafundisha vijana kemia, yaani elimu ya asili ya vitu na jinsi vinavyogeuka kuwa vitu vingine. Habari za mafundisho hayo, na za mtu mwenyewe aliyeyatoa, zinafaa kujulikana na kila apendaye maarifa.

NGAZI ILIYOONDOLEWA

Katika mji wa London, katika njia iitwayo Albemarle Street, liko jumba la chama kiitwacho Royal Institution. Chama hicho kilianzishwa mwaka wa 1799, na kusudi lake lilikuwa kueneza maarifa na kuonyesha namna sayansi iwezavyo kuwafaa watu katika kazi zao za kila siku. Ndani ya jumba umo ukumbi wenye viti vilivyopangwa ngazi ngazi katika nusu duara, hata aketiye nyuma kabisa aweza kuiona meza ya msemaji na vyombo vilivyo juu yake.

Aliyeuchora ukumbi huo ni Thomas Webster. Yeye aliona kuwa mafundi wa kazi za mikono nao wastahili kusikia maneno ya wataalamu. Basi akaweka roshani juu kwa ajili yao, na ngazi ya mawe ya kuwapandisha kutoka njiani. Lakini wakubwa fulani hawakupendezwa. Kwa fikira zao, kuwafundisha sayansi watu wa hali ya chini lilikuwa jambo la hatari kwa utawala. Webster akaambiwa aliache shauri lake kimya kimya, na ngazi ile ikaondolewa. Hivyo mlango wa elimu ulikuwapo, lakini haukuwa mlango wa kila mtu.

MWANA WA MHUNZI

Faraday alizaliwa mwaka wa 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mtu mwenye afya dhaifu, na nyumbani mwao shida ilikuwa nyingi. Mwaka wa 1801, bei ya chakula ilipopanda sana, mtoto huyo alipewa mkate mmoja umtoshe kwa juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, ajifunze kazi hiyo kwa miaka saba.

Wanagenzi wengine walivishona vitabu na kuvitia majalada. Faraday alivishona, kisha akavisoma. Humo ndimo alimokutana kwa mara ya kwanza na habari za umeme na kemia. Hakutosheka kusoma tu, bali alitengeneza vyombo vidogo kwa fedha chache alizokuwa nazo, ajaribu mwenyewe yale yaliyoandikwa. Tena palikuwa na mafundisho ya jioni mjini yaliyotolewa kwa kiingilio cha shilingi moja. Shilingi hiyo hakuwa nayo. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka lile la vitabu akampa tikiti za kwenda Albemarle Street kumsikiliza Sir Humphry Davy, mtaalamu wa kemia aliyekuwa na sifa kubwa siku zile. Faraday akaenda mara nne, akaketi roshanini, juu ya saa ya ukutani. Kila neno alilolishika aliliandika, na kila chombo alichokiona mezani alikichora. Kisha akayaandika upya kwa hati safi, zikawa kurasa zaidi ya 300, akazijalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi. Tarehe 1 Machi 1813 akaandikwa kuwa msaidizi katika chumba cha majaribio.

Huyo aliyeingia kama mtumishi wa kutayarisha vyombo ndiye aliyegundua, mwaka wa 1831, kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, mkondo wa umeme hupita katika waya huo. Mitambo izungushwayo na maji ya Mto Tana huko Kindaruma, na ya Mto Nile huko Jinja, yafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Lau kijana yule angalikosa tikiti zile nne, ni nani ajuaye ulimwengu ungalingoja muda gani?

KUSEMA NI KAZI YA KUJIFUNZA

Wako watu wadhanio kwamba mtu akiwa na elimu nyingi, basi kuieleza ni kazi rahisi kwake. Faraday hakudhani hivyo. Mwaka ule ule wa 1813 alianza kuwachungulia wasemaji kama fundi amchunguliavyo fundi mwenziwe, akamwandikia rafiki yake barua juu ya mazuri na mabaya aliyoyaona. Aliona kuwa msemaji hana budi kuwaelekea wasikilizaji wake, asiikazie macho karatasi yake. Aseme polepole na kwa maneno yaliyo wazi. Na asiwaweke watu zaidi ya saa moja, kwa sababu akili iliyochoka haipokei kitu.

Baadaye alimlipa mwalimu amfundishe kutamka vizuri. Hata alipokuwa mtu mashuhuri, alikuwa na desturi ya kuwekewa mbele yake vipande vya karatasi ngumu: kimoja kimkumbushe kwenda polepole, na kingine kimkumbushe kuwa saa imekwisha. Mtu mwenye sifa kote Ulaya hakuona haya kukumbushwa na karatasi.

Mwaka wa 1825 chama kile kilianza kutoa mafundisho kwa ajili ya vijana wakati wa Krismasi. Faraday aliyatoa mara 19. Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa 1860 na mwanzo wa 1861, naye ana umri wa miaka 69. Wengi wangalitazamia mzee huyo aseme juu ya sumaku na umeme, vitu vilivyompatia jina. Yeye akashika mshumaa.

MAMBO YALIYOMO KATIKA MWALI MDOGO

Kwanza aliwaonyesha vijana kile kikombe kidogo kilichojaa nta iliyoyeyuka chini ya mwali. Kikombe hicho amekifinyanga nani? Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu na utambi. Lakini hewa baridi ipandayo kutoka chini hupoza ukingo wa nje, nao hubaki mgumu. Hivyo mshumaa hujifanyia chombo cha kuhifadhi mafuta yake. Upepo ukivuma upande mmoja, ukingo huvunjika na nta humwagika.

Pili, nta iliyoyeyuka hupandaje juu? Hupanda katika nyuzi za utambi kwa njia ile ile ambayo maji hupanda katika kitambaa kilichoachwa ncha yake ndani ya beseni. Mafuta ya taa katika kibatari hupanda vivyo hivyo.

Tatu, kinachowaka si nta ngumu wala nta ya maji maji, bali ni mvuke wake. Aweza mtu kulihakikisha jambo hili nyumbani, mahali pasipo na upepo. Mshumaa uliowaka vizuri ukizimwa taratibu, moshi mweupe hupanda. Kiberiti kinachowaka kikisogezwa katika moshi huo, juu kidogo ya utambi na bila ya kuugusa, moto huruka kwa kuufuata mvuke, na mshumaa huwaka tena. Watoto wafanye jaribio hili mbele ya mtu mzima, mbali na mapazia na nyasi za paa.

Nne, mwangaza watoka wapi? Kisahani cheupe kikishikwa kidogo ndani ya mwali, hupata masizi meusi. Masizi hayo ni chembe za kaboni, yaani kitu kile kile kilicho katika makaa. Zikiwa ndani ya mwali hupata moto mkali hata zikang'aa. Na kung'aa kwake ndiko mwangaza wa mshumaa. Ajabu ni kwamba nuru nyeupe hutokana na kitu cheusi.

Baada ya hayo alilijibu swali la nta kupotea. Alishika chombo chenye barafu juu ya mwali, na chini yake yakafanyika matone. Ili kuonyesha kuwa ni maji, akayagusisha na kipande cha potasiamu, madini ambayo huwaka yakutanapo na maji, nacho kikawaka. Basi moto ulikuwa umezaa maji! Maelezo yake ni haya: nta ina haidrojeni na kaboni. Haidrojeni ikiungana na oksijeni iliyo hewani huwa maji. Kaboni ikiungana na oksijeni hiyo huwa hewa ya ukaa, isiyoonekana kwa macho. Hakuna kilichopotea. Kama vyote vitokavyo katika mshumaa vingekusanywa na kupimwa katika mizani, uzito wake ungezidi ule wa nta iliyoteketea, kwa kuwa umeongezeka uzito wa oksijeni.

MSHUMAA NA PUMZI YA MWANADAMU

Hewa ya ukaa hutambulikana kwa maji ya chokaa yaliyochujwa: ikipita ndani yake, maji yale safi hugeuka kuwa meupe kama maziwa. Faraday alionyesha kuwa hewa itokayo katika mshumaa huyageuza maji hayo, na pumzi ya mtu huyageuza vile vile. Chakula ndani ya mwili, kwa msaada wa oksijeni tuivutayo, hugeuka kidogo kidogo kama nta, ila bila ya mwali. Na joto la mwili latokana na kazi hiyo. Majani ya miti nayo, yakipata nuru ya jua, huichukua hewa hiyo ya ukaa na kuifanya chakula chao. Basi kitokacho kwa mmoja humfaa mwingine.

Aliyeyafahamu haya hajapata maneno ya kujifurahisha tu. Makaa yawakayo katika jiko nayo yahitaji oksijeni. Isipotosha, kaboni haiungani nayo kwa ukamilifu, na badala ya hewa ya ukaa hutoka kwa wingi hewa nyingine, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu na kuizuia isichukue oksijeni. Ndiyo sababu watu waliolala chumbani na jiko la makaa, milango na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, wamekutwa asubuhi wamekufa, wala hapana aliyesikia kilio. Jiko la makaa lisiwekwe katika chumba cha kulala, hata likionekana karibu kuzimika. Agizo hili husahaulika upesi likisemwa peke yake. Lakini mtu ajuaye sababu yake halisahau.

UKUMBI USIO NA KUTA

Maneno ya Faraday juu ya mshumaa yaliandikwa na kupigwa chapa mwaka wa 1861, nayo yasomwa hata leo. Mafundisho ya Krismasi yaliendelea baada ya kufa kwake mwaka wa 1867, yakakatizwa tu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na tangu 1966 yameonyeshwa katika televisheni. Redio nayo ilifungua ukumbi mkubwa kuliko ule wa Albemarle Street. Mwaka wa 1948 BBC ilianza mazungumzo ya kila mwaka yaitwayo Reith Lectures, na msemaji wa kwanza alikuwa Bertrand Russell, mtaalamu wa falsafa na hesabu. Mwaka wa 1979 kiti hicho kilikaliwa na mzaliwa wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, aliyetoa mazungumzo sita juu ya hali ya Afrika. Ngazi ya Webster iliweza kubomolewa. Sauti ipitayo hewani haina ngazi ya kubomoa.

Walakini mlango ukiwa wazi, bado kuna kazi ya pande mbili. Mtaalamu yampasa aanzie kwenye kitu ambacho msikilizaji anacho mkononi, awe ni mshumaa, jembe au chungu, ndipo ampeleke mbali. Naye msikilizaji yampasa ashike kalamu, ajaribu mwenyewe, na kuuliza pale asipofahamu. Faraday alizifanya kazi zote mbili: kwanza ile ya roshanini, kisha ile ya mezani. Alipomaliza fundisho lake la sita aliwatakia vijana wale wawe kama mshumaa, wapate kuwaangazia wale walio karibu nao. Mzee huyo alilijua alisemalo, maana yeye mwenyewe aliwashwa na mwali wa mtu mwingine.