Kushikwa mkono Kariakoo: sheria inasemaje?

Unashuka Kariakoo kununua vitenge vya kwenda kuuza kijijini. Hela umeifunga kiunoni, na basi la kurudi linaondoka alfajiri. Kijana anakudaka mkono akuvutie dukani kwake. Ukikataa, anatoa maneno juu ya umbo lako na wenzake wanacheka. Wengi humeza wakapita, maana wanaambiwa ndivyo soko lilivyo.

Jambo hili lina historia palepale. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake kwenye kituo cha mabasi Kariakoo na kuwashusha kwa nguvu. Polisi walilazimika kuingilia kati. Baada ya hapo magazeti yalijaa barua za wasomaji, za kuunga mkono na za kupinga. Wanawake nao waliandika, wakati ambao kusema hadharani hakukuwa rahisi.

Sheria ilikuja baadaye sana. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanza 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Leo jambo hili limo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D. Si lazima uguswe. Hata maneno yanatosha kuwa kosa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi Sh200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia. Faini hiyo tunaiona ndogo. Wapo wafanyabiashara Kariakoo wanaoipata kwa asubuhi moja.

Lakini nani ataacha meza ya nyanya aende mahakamani? Swali hilo ndilo shirika la Equality for Growth (EfG) lilijaribu kulijibu kwa kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi" katika masoko ya Ilala na Temeke, likiwamo la Mchikichini, jirani na Kariakoo. Wafanyabiashara wenyewe walifundishwa kuwa wawezeshaji wa sheria. Mama anayetukanwa anamwendea mwenzake wa meza ya pili, anayeijua sheria na anayemjua mtukanaji kwa jina. Masoko yakajiwekea miongozo yenye adhabu. Kwetu hilo ni kubwa kuliko bango lolote, kwa sababu anayekemea ni mtu wa sokoni, si mgeni wa semina.

Wewe unayekuja kwa siku moja humjui mtu huyo. Basi shika jina la duka na mtaa, angalia saa, na kama kuna aliyeona, omba namba yake ya simu. Kituo cha Polisi Msimbazi kipo hapohapo Kariakoo. Ukifika kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na uende kabla hujapanda basi.