Refu Kuliko Yote, Hadi 1935

Ukiwa na haraka kwenye Kenyatta Avenue, Nairobi, unaweza kulipita Kipande House bila kugeuza shingo. Ni jengo la mawe lenye mnara mfupi, limezungukwa na majengo ya vioo. Ila kuanzia 1913 hadi 1935 hapakuwa na jengo refu kulishinda mjini humo. Mchoraji wake alikuwa Mhindi, Gurdit Singh.

Jina lilikuja kwa njia nyingine. Mwanaume Mwafrika aliyefika Nairobi kutafuta kazi aliandikishwa hapa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa kipande: karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kwenye karatasi hiyo mwajiri aliandika mshahara na tarehe ya kuacha kazi. Asipotia sahihi, kibarua hakuwa na njia halali ya kwenda kwa mwingine. Kukamatwa bila kipande lilikuwa kosa la jela au faini. Tangu miaka ya 1970 jengo ni la benki, na wateja bado huingia na vitambulisho mkononi.

Taji la urefu limehama mno hata halinivutii. Jumba la mikutano la KICC, la 1973, lina mita 105, na lilikamilika kwa wakati kupokea mkutano wa Benki ya Dunia. Times Tower ikalipiku, kisha jengo la UAP, kisha la Britam lenye mita 200. Hata hivyo noti zote mpya za 2019 zilichapishwa na picha ya KICC, wala si ya hayo marefu zaidi.

Jengo lililokingwa kisheria kuliko mengine Kenya ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931: ndilo pekee lenye sheria yake mahususi ya Bunge. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe William Northrup, bwana mwenye mwili mkubwa aliyetaka kuzikwa kileleni mwa Ol Donyo Sabuk. Msafara haukufika kileleni, akazikwa njiani. Simba wa mawe wakawekwa mlangoni mwa maktaba, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Kwa hoteli, Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa damu. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi jirani kudai mwanasiasa Harry Thuku, aliyekuwa kizuizini, aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake juu, akawaambia wachukue gauni lake na wampe suruali zao. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Walowezi waliokuwa wakinywa barazani Norfolk nao wakafyatua za kwao.